Makaburi Saba ya Ipogolo

Severina alikuwa mjane, na shamba lake la mahindi lilikuwa bondeni Ipogolo. Wazee wa mumewe walizikwa humo zamani, lakini mawe ya makaburi yalishasombwa na mafuriko. Kila msimu alilima kwa hofu ya kumpiga mtu jembe.

Mwaka 1956 shemeji yake Edmund, karani mjini Iringa, alimletea Mzungu mtafiti wa mambo ya kale. Alikuwa na sanduku la betri, waya, na vyuma vinne vya kuchomeka ardhini.

"Shemeji, mashine hii inaona chini bila jembe," Edmund alisema. "Hakitachimbwa kitu. Nimemuuliza mwenyewe."

Kwa neno hilo Severina alikwenda kwa Mzee Ezekia, mkubwa wa ukoo, akajitolea kuwa mdhamini wa ahadi hiyo. Mzee alikubali kwa shingo upande.

Wiki tatu Severina alivigongea vyuma kwa nyundo na kuvihamisha hatua kwa hatua. Umeme ulipopita kwenye udongo uliowahi kufukuliwa, mshale wa sandukuni ulishuka. Kwenye ardhi ngumu ulipanda. Haukupita muda akawa anausoma kabla Mzungu hajaandika. Upande wa mtoni mshale ulishuka mahali saba, kwa mstari.

"Kumbe mko hapa," alisema taratibu, akapigilia vigingi kuzunguka. Alifurahi kama aliyepokea wageni.

Kisha binti yake Lusia akajifungua huko Ilomba, Mbeya. Severina akaenda kumuuguza mzazi, akakaa mwezi. Aliporudi alikuta mashimo saba. Mifupa ilikuwa imeshasafirishwa, na Mzungu alikuwa akikunja hema.

"Mliahidi hamtachimba!"

Mzungu alishangaa kweli. "Mimi sema Edmund siku ya kwanza: tapima, halafu tachimba. Yeye sema mama kubali."

Severina alipanda mlima kwa miguu hadi mjini, nyumbani kwa Edmund.

"Ulijua?"

Edmund alitazama chini. "Ningekwambia kweli, ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Basi, shemeji."

Hakuweza hata kulia. Alikwenda kumweleza Mzee Ezekia, ambaye alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa kuja. Ukoo haukumtukana. Uliacha tu kumwita kwenye vikao.

Mashimo aliyafukia mwenyewe, siku tisa. Edmund alipokuja na jembe begani, alimwambia arudi alikotoka.