Shangazi wa gia ya pili

Jua halijachomoza vizuri na Shangazi tayari ananusa mafuta. Amesimama mbele ya gari jekundu lenye tangi la maji mgongoni, boneti iko wazi, injini inanguruma taratibu. Mkononi ana kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Anakifuta kwa kitambaa, anakichovya tena, anakileta puani, kisha anampa dereva aliye karibu naye.

"Nusa," anamwambia. "Sema umesikia nini."

Dereva ananusa na kusema hasikii kitu. Shangazi anatabasamu meno yote nje. Hilo ndilo jibu alilolitaka. Oili ya gia ikinukia kama ugali ulioungua, plate za ndani, zile sahani zinazoshika gia, zimekwisha na hakuna ujanja tena. Ikiwa safi na bado gari linagoma kubadili gia, ugonjwa uko kwingine, na mara nyingi uko kwenye umeme.

Hapa ni uwanja wa mazoezi nyuma ya kituo cha zimamoto ya msitu. Madereva waliokusanyika wametoka vituo mbalimbali. Wote wamezoea magari ya otomatiki, ya kuweka liva kwenye D na kukanyaga mafuta. Leo Shangazi amechomoa fyuzi makusudi ili gia zisijibadilishe zenyewe. Kila mmoja atapanda kilima kilichoko mbele na kushuka, akiamua mwenyewe gia gani iingie na saa ngapi.

Jina lake la kwenye cheti alikataa lisiandikwe gazetini. Alisema likiandikwa hilo, hata mumewe hatajua anayezungumziwa ni nani. Kituo kizima humwita Shangazi, kuanzia mkuu hadi mfagiaji. Ana miaka hamsini na kitu, mabega mapana, sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Unyenyekevu si fani yake. Ukimuuliza nani dereva bora wa kikosi, anakushangaa kwamba umeuliza.

Ujuzi huo aliupata kwa shida. Baba yao alipofariki, yeye na mdogo wake wa kiume walirithi pikapu moja kuukuu ya otomatiki, ndiyo iliyokuwa ikiilisha nyumba. Walibeba nayo mchanga, matofali na samani za watu wanaohama. Siku moja kompyuta inayoamuru gia ikafa. Wakauliza bei ya nyingine, wakajibiwa bei inayokaribia pikapu nzima. Mama yao alikuwa anaumwa, kodi imepita tarehe, na gari limekaa uani kama jiwe.

"Tuliliangalia kwa macho wiki nzima," anakumbuka Shangazi. "Halafu mdogo wangu akasema, dada, hebu tulipasue hili tumbo tuone linakula nini."

Mdogo wake ni fundi umeme wa magari. Walilala chini ya pikapu na taa ya kupimia umeme, wakafuata waya mmoja baada ya mwingine. Wakagundua kwamba ile kompyuta iliyowatia tumbo joto ilikuwa na kazi nyepesi kuliko walivyodhani. Ndani ya giaboksi mna vali mbili za umeme. Ukiwasha ya kwanza peke yake unapata gia ya kwanza. Ukiwasha zote mbili, ya pili. Ukiiacha vali ya pili tu ikiwa imewashwa, unapata gia ya tatu. Ukizima zote, ya nne.

Basi wakachukua kisanduku kidogo cha bati, wakatoboa matundu mawili, wakafunga swichi mbili za taa za gari. Pikapu ikaondoka uani. Gia ziliingia kwa kishindo, abiria akitikiswa kama gunia, lakini ziliingia. Majirani waliwacheka wakaiita gari la swichi. Shangazi aliliendesha hivyo kwa miaka, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye kisanduku, mpaka akawa anabadili gia bila kufikiri.

Kazi ya zimamoto ilipotangazwa, aliomba pamoja na wanaume lukuki. Mumewe, ambaye ni fundi nguo, anasema hakushangaa alipopata. "Mimi hata kurudisha gari nyuma sijui," anasema huku akicheka. "Yeye anaongea na gari, na gari linamjibu. Mimi nikiongea naye, hanijibu." Mshahara unatosha kodi, ada, na kidogo cha kumpelekea mama. Yeye mwenyewe anasema hakuja kutafuta utajiri. Alikuja kwa sababu ya gari.

Alipoingia kikosini alikwenda na kisanduku chake. Akamwomba mkuu wa kituo aruhusiwe kukifunga kwenye gari la maji, kwa kuwa giaboksi yake ni ya ukoo mmoja na ile ya pikapu. Mkuu alikataa. Alisema gari ni la umma, na kitu kilichotengenezwa uani hakiwezi kufungwa kabla fundi mkuu wa makao makuu hajakikagua. Shangazi alinuna siku kadhaa. Leo anakiri kwamba mkuu alikuwa na haki. Hata hivyo alitafuta plagi inayolingana kwenye magari mabovu, akaiunganisha na kisanduku, akakiweka chini ya kiti chake akisubiri ukaguzi.

Kisanduku kilikuwa bado chini ya kiti ule mchana wa kiangazi moto ulipowaka upande wa chini wa msitu.

Upepo ulikuwa mkali na unapanda. Juu ya ukingo wa mlima kuna makazi ya wapasua mbao, nyumba za mbao tupu zilizopangana na marundo ya mbao mbele yake. Wazima moto wa miguu walikuwa wamekwisha kufika huko na makoleo na matawi mabichi. Maji waliyobeba yaliisha haraka. Gari lingine la kikosi lilikuwa mbali, upande wa pili wa msitu. Shangazi akajaza tangi, akapanda na mhudumu wa pampu, kijana anayeitwa Bonge kwa sababu ni mwembamba kama ufito, wakaondoka.

Hawakufika mbali. Kwenye mwinuko wa kwanza gari likaanza kusitasita. Gia ikaruka juu, ikarudi, ikaruka tena, taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi. Halafu gari likang'ang'ania gia ya juu kabisa. Kwa tangi lililojaa na mlima ule, injini ikaanza kukohoa kama inayotaka kukata roho. Shangazi akalisogeza pembeni penye tambarare, akasimama.

Moshi ulionekana juu ya miti, na kwenye redio sauti za wenzao zilikuwa zinaulizia maji. Shangazi alishuka akafungua boneti, akachomoa kijiti, akanusa. Oili ilikuwa safi. Akakagua fyuzi, nzima. Akarudi kwenye usukani, akashusha liva hadi L, nafasi inayoingiza gia ya kwanza bila kuitegemea kompyuta. Akakanyaga mafuta polepole, na gari likavuta kwa nguvu zake zote.

Hapo akajua. Giaboksi ilikuwa nzima. Iliyokuwa mgonjwa ni ile njia ya kupeleka amri. Baadaye iligundulika kwamba fungu la nyaya lilikuwa limesuguana na chuma cha chini mpaka likachubuka. Siku ile hapakuwa na muda wa kutafuta jeraha. Wakapanda hivyohivyo kwa gia ya kwanza, injini ikipiga kelele, wakifuata kona za mlima moja baada ya nyingine, mpaka wakafika kwenye korongo la mchanga.

Kila dereva wa kituo analifahamu korongo lile. Unashuka kidogo, unavuka mchanga mlaini, unapanda ukuta mfupi wa ng'ambo. Shangazi aliingia kwa gia ya kwanza, magurudumu yote manne yakaanza kuchimba na gari likazama. Akarudi nyuma kwa taabu. Akasogeza liva kwenye 2, ambayo bila kompyuta huleta gia ya tatu. Injini ikazidiwa, nusura izimike. Ya kwanza ilikuwa na nguvu kupita kiasi kwa mchanga ule, ya tatu ilikuwa dhaifu. Alihitaji ya pili, na liva haikuwa na namna ya kumpa.

Akachukua redio, akamweleza mkuu hali ilivyo, kisha akasema anataka kutumia kisanduku.

Mkuu, ambaye sasa anasimulia siku ile akiwa ameketi ofisini kwake chini ya ramani ya msitu, anasema aliuliza swali moja tu: ameshawahi kupanda mlima wenye mchanga kwa swichi hizo, akiwa na mzigo? Shangazi alijibu kwamba mchanga ndio uliokuwa mzigo wenyewe, miaka nenda miaka rudi.

"Fanya," mkuu akamwambia. "Litakaloharibika nitalijibu mimi."

Shangazi akazima injini, akaingia chini ya gari, akachomoa plagi ya kompyuta na kuchomeka ya kwake. Waya akaupitisha dirishani. Kisanduku akakifunga pajani kwa mkanda wa kitambaa ambao mumewe alikuwa ameushona kwa ajili hiyo, miezi kadhaa kabla, bila hata kuuliza ni wa nini. Akawasha injini, akarudisha gari nyuma mbali na korongo ili apate mwendo.

Anasema hapo ndipo hofu ilipomshika, kwa kuwa kisanduku hakina akili. Kompyuta ikiona dereva anataka kuingiza gia ndogo gari likiwa kasi, humkatalia. Swichi haikatalii kitu. Ukikosea unaweza kupasua giaboksi au kufunga magurudumu na kupinduka. Kosa lote lingekuwa la kidole chake. Akapiga moyo konde, akaondoka na ya kwanza. Gari lilipochanganya mwendo akainua na swichi ya pili. Gia ya pili ikaingia kwa kishindo kilichomgongesha Bonge kichwa kwenye dirisha.

Wakaingia korongoni. Mchanga ukaruka pande zote, gari likayumba kushoto, likayumba kulia, lakini safari hii halikuchimba. Shangazi hakuongeza mafuta wala hakupunguza. Wakagusa ukuta wa ng'ambo, pua ya gari ikaelekea mbinguni, na magurudumu ya mbele yakashika ardhi ngumu.

"Sikuomba, sikulia, sikufanya chochote," anasema Bonge. "Nilikuwa namwangalia kidole tu."

Walifika moto ukiwa umeshakamata banda la kupikia na rundo la kwanza la mbao. Bonge akawasha pampu kabla gari halijasimama vizuri. Wale wa miguu wakapokea mpira wa maji, wakaanza kulowesha nyumba za mbele na nyasi za pembeni. Shangazi alibaki kwenye usukani akilisogeza gari kandokando ya ukingo kwa gia ya kwanza, hatua kwa hatua, ili maji yafike kila nyumba. Tangi lilipokaribia kuisha, moto ulikuwa umekosa cha kula. Jioni ulibaki moshi tu.

Nyumba zote zilisalimika na hakuna aliyeumia. Mama mmoja wa pale, mke wa mpasua mbao, anasema alikuwa amekwisha kuwatoa watoto nje, anangoja tu kuona nyumba ikiondoka. "Nikasikia gari linanguruma kwa hasira, halafu likatokeza," anasema. "Moto ulipozimika, aliyeshuka alikuwa mwanamke, uso mweusi kwa masizi, anacheka. Nikamkumbatia na masizi yake."

Fundi mkuu alifika kituoni wiki ileile. Shangazi alijiandaa kwa ugomvi, lakini fundi alikaa chini ya gari naye nusu siku akiuliza maswali. Alikubali kanuni ya kisanduku, kisha akaonyesha kilichopungua: fyuzi, taa ya kumwonyesha dereva yuko gia gani, na kizuizi cha kuzuia gia ya kwanza isiingie gari likiwa kasi. Shangazi anasema kile kizuizi ndicho kitu ambacho yeye na mdogo wake wangekitafuta miaka na wasikipate. Mdogo wake akaitwa, wakakaa watatu, wakatengeneza kingine. Sasa kimefungwa rasmi kwenye magari ya maji ya kikosi, na Shangazi ndiye anayefundisha matumizi yake.

Uwanjani, dereva wa kwanza amekwama katikati ya kilima. Injini inalia kwa gia ya kwanza, magurudumu yanazunguka bure, gari halisogei. Shangazi anamwendea hatua kwa hatua, anaegemea dirisha na kumwambia asikilize kwanza kabla ya kugusa swichi. Dereva anatulia. Anainua swichi ya pili, gari linaruka kidogo, linapanda hadi kileleni. Wenzake wanapiga makofi. Anayepiga kwa nguvu kuliko wote ni Shangazi.

Hana mpango wa kuacha usukani mpaka magoti yamkatalie. Lakini yeye na mdogo wake wamekwisha kupanga chumba kando ya barabara kuu, karakana ya giaboksi za otomatiki ambayo wataifungua mwisho wa mwezi. Siku zake za mapumziko atakuwa huko, akipokea magari ambayo wenye nayo wameambiwa hayatengenezeki, na madereva wanaotaka kujifunza. Nafasi ya kwanza ameiweka kwa mke wa yule mpasua mbao, aliyemwomba amfundishe kuendesha.

Mchoraji wa kibao cha karakana alimuuliza aandike maneno mangapi na kwa ukubwa gani.

"Maneno machache," alimwambia, "lakini yajaze kibao kizima. Nataka mtu aliyeng'ang'aniwa na gia ya juu, anayeogopa kupunguza mwendo gari lisije likashindwa kuondoka tena, ayasome akipita, na ajue pa kurudi."