Shimo la Saba

Kila nikiona betri zimeanikwa juani, viganja vyangu hutoka jasho.

Mimi na dada tulizoea kuchomoa betri za redio ya baba na kuzitia kwenye gemu ya mkononi aliyotuachia binamu. Kijitu chake kiliruka mashimo sita vizuri. La saba lilikimeza kila siku, tukaanza upya. Siku moja kikavuka, kisha skrini ikafifia, ikazimika.

Tulizirudisha mbio. Ndugu ya baba alikuwa amelazwa hospitalini kwetu Kilungu, na baba hakukosa matangazo ya vifo redioni.

"Jamaa na marafiki wa Kilungu wanatangaziwa kifo cha..." Redio ikanyamaza.

Baba akazitoa betri, akazipanga juani moja moja. "Ngojeni zipate joto."

Tukachuchumaa kando yake. Dada akaninong'oneza, "Lakini tulivuka."