Injini Ndogo Yenye Filimbi

Shule niliiacha darasa la tatu na sijawahi kuililia. Mimi nilisomea masikioni. Nikiwa ng'ambo ya bonde nikasikia gari inapanda, nilijua ni ya nani, imebeba kiasi gani, na kama mwenyewe atafika Nairobi ama atalala Chuka akingoja fundi. Nilianza kwa kupakia miraa pale Maua, nikawa utingo, nikawa dereva wa kuajiriwa, halafu nikanunua pikapu yangu. Hakuna mtu aliyenisaidia hata na spana. Mtu akisema ninajisifu, basi ninajisifu. Yeye alete yake tuone.

Pikapu yangu ilikuwa na injini kubwa ya dizeli, silinda sita, chuma kitupu. Kuiondoa ilikuwa kama kumwamsha mzee aliyeshiba. Lakini ikishaondoka, mlima haikuuogopa, na kwenye mteremko ukiitia gia ya tatu inajishikilia yenyewe, unateremka na mguu wako umetulia. Sauti yake ilikuwa nzito. Mama mboga wa Nkubu alikuwa anasema akiisikia anajua ni saa ya kuinjika chakula.

Ndani ya gari hiyo nilimfundisha ndugu yangu kuendesha. Baba yetu alikufa huyu akiwa bado anabebwa mgongoni, na mimi ndiye nilimlea. Alipotahiriwa ni mimi nilisimama mahali pa baba. Alikuwa mwepesi wa mkono na mwepesi wa mdomo, na alipenda mbio.

Na kazi yetu ilitaka mbio, sitamlaumu kwa hilo. Miraa inakatwa asubuhi, inafungwa kwa majani ya mgomba, na kuanzia hapo inakufa polepole ukiiangalia. Anayefika kwanza kwa wanunuzi anauza akiwa amesimama. Anayefika mwisho anauza akiwa amepiga magoti. Ndiyo maana zile pikapu ndogo za kutoka Japani zilipoanza kuingia miaka ya tisini katikati, zenye injini ndogo na tabo, vijana wa Maua walipata wazimu. Ndugu yangu aliuza sehemu yake ya miti ya miraa, ile mizee iliyopandwa na babu, akanunua moja.

Aliileta mpaka langoni kwangu akipiga honi.

"Mzee, toka uone mnyama!"

Nikatoka. Nikafungua boneti. "Injini iko wapi?"

"Si hiyo."

"Hii? Hii si ya kusagia njugu?"

Akacheka mpaka akashika mlango. "Hiyo ya njugu itakuacha Nkubu ukitafuta gia."

Nikamwuliza hiyo tabo ni nini. Akanionyesha kitu kama konokono wa chuma kando ya injini, akaniambia moshi unaotoka unazungusha kipepeo kama cha feni humo ndani, na kipepeo kinashindilia hewa kwenye injini, ndiyo maana injini ndogo inavuta kama kubwa.

"Kwa hivyo inakula moshi wake mwenyewe?"

"Haili, mzee. Inautumia tu."

"Mimi sijaona kitu kinachokula kinyesi chake kikaishi," nikamwambia. Alinicheka tena. Lakini ilikuwa kweli inavuta. Kwenye mlima ilinipita kama nimeegesha, na ilikuwa inapiga filimbi. Filimbi nyembamba, inayopanda juu, juu, mpaka meno yako yanauma. Mbwa walikuwa wanaikimbia. Kila siku adhuhuri, mimi nikiwa bado nafunga mzigo wangu nyumbani, ilipita barabarani chini ya mashamba yetu, na mke wake akiwa upande wa pili wa ua alikuwa anapaza sauti:

"Shemeji, amepita?"

"Amepita."

"Kwa nini hiyo gari inalia hivyo?"

Ningemwambia inalia kwa sababu ni mpya?

Sasa nieleze jambo la maji. Pale juu, ukishatoka kwenye bonde la Nithi na kupanda ule mlima wote, kulikuwa na stegi ambapo sote tulisimama. Wanawake walikuwa wanangoja na majerikeni ya maji baridi ya mtoni. Maji ya kwanza ni ya miraa, kunyunyizia magunia yasikauke. Yanayobaki ni ya injini. Unazima gari, unafungua boneti, na mama anamwaga. Hivyo ndivyo sote tulifanya, kila gari, kila siku. Mnyama akipanda mlima na mzigo si unampa maji? Injini yangu ilikuwa inapiga mvuke mpaka huoni nyumba za mbele, na ukimaliza unaondoka imetulia.

Yule mkubwa wao alikuwa mama mnene, sauti kama spika ya kanisa. Siku ya kwanza ndugu yangu alisimama pale na tabo yake mimi nilikuwa nyuma, nimechelewa kama kawaida, na nilifika wakati anafungua boneti. Nikaona lile konokono la chuma. Lilikuwa jekundu. Si jekundu la rangi, jekundu la makaa.

"Ngoja kwanza," nikasema.

"Mzee anaogopa moto!" mama akasema, na wenzake wakacheka. "Dere, sogea usilowe viatu."

Akamwaga. Mvuke ukatoka, na ndani ya mvuke nikasikia kitu kidogo: tak. Kama mtu amevunja kijiti kikavu.

"Umesikia?" nikamwuliza ndugu yangu.

"Nimesikia nini? Miraa inakauka, mzee. Panda gari yako."

Akaondoka. Na kila siku alisimama pale, na kila siku wakamwagia, na kila siku akazima ghafla na kuwasha ghafla. Baadaye nilianza kuona moshi. Mwanzo ulikuwa kidogo, wa bluu, akibadilisha gia. Halafu ukawa unabaki barabarani hata yeye akiwa ameshapotea kwenye kona. Mimi nikija nyuma yake na dizeli yangu naupita huo moshi, una harufu ya oili iliyoungua. Nikamwambia inakula oili.

"Kidogo tu. Naongeza."

"Oili inaenda wapi?"

"Mzee, wewe unataka nirudi kwa punda."

Filimbi nayo ilikuwa imebadilika. Ilikuwa na mkwaruzo ndani yake, kama mtu anapumua na kifua kibaya. Mimi niliisikia. Mke wake pia aliisikia, kwa sababu aliacha kuuliza kama amepita. Alikuwa anasimama tu kwenye ua mpaka sauti iishe.

Siku moja springi yangu ilivunjika, nikaiacha gari nyumbani na kupanda yake mpaka Embu nikanunue nyingine. Alikuwa na furaha, akinionyesha jinsi inavyopita malori. Tulisimama stegi, wakamwaga maji, tukaondoka. Tukapita Chuka. Tulipokuwa tunateremka upande wa Runyenjes, aliondoa mguu kwenye mafuta ili tuingie kona.

Injini haikushuka. Ilipanda.

Niliangalia mguu wake. Mguu ulikuwa juu, haukugusa kitu. Na injini ilikuwa inazidi, filimbi ikapanda ikawa kama nguruwe anachinjwa. Akakanyaga klachi, ikawa mbaya zaidi, ikalia peke yake bila mzigo wowote. Nyuma yetu barabara ilikuwa imepotea kwenye moshi mweupe.

"Zima!" nikamwambia.

"Nimezima!"

"Zima gari!"

"Nimezima!" Akachomoa ufunguo akaninyooshea mbele ya uso. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake, na injini ilikuwa inapiga kelele. Sijawahi kuona kitu kama hicho tangu nizaliwe. Mtu ameshika ufunguo, na gari haina habari naye.

Aliminya breki mpaka tukaegemea ukingo wa udongo upande wa mlima, tukasimama. Kama angeelekeza upande ule mwingine, nisingekuwa nawasimulia. Mimi nikaruka nje. Watu waliokuwa wanachuma kahawa karibu walikuwa tayari wanakimbia, wanatukimbia sisi. Lakini yeye hakukimbia. Alivuta gunia lililolowa kutoka kwa miraa, akafungua boneti, na akainama pale kwenye injini kutafuta mahali inapovutia hewa, ili aizibe pumzi.

Akili yake ilikuwa sawa, nitampa hiyo heshima. Dizeli ukiinyima hewa inakufa. Lakini mimi nilikuwa naisikia ile sauti, na nilijua haijabakisha kitu. Nikamshika mshipi kwa nyuma nikavuta.

"Niache!"

"Toka hapo!"

"Niache, wewe! Hiyo ni miti ya babu inaungua!"

Akanipiga na kiwiko hapa mdomoni, jino hili lililolegea ni yeye. Sikumwachilia. Tulianguka kwenye mtaro wote wawili, mimi juu, naye akinitukana matusi ambayo mtu hamtukani aliyemlea. Ndipo injini ikapasuka. Ardhi ilitingishika. Kipande cha chuma kilitoboa boneti iliyokuwa imeinuliwa na kwenda zake kwenye kahawa. Halafu kimya. Nilikuwa nasikia oili ikidondoka, na yeye akilia.

Nilimwonyesha lile tundu. Nikamwambia simama hapa, uiname kama ulivyokuwa umeinama. Tundu lilikuwa sawa na paji la uso wake. Aliangalia, akaangalia gunia lililokuwa bado mkononi.

"Ningeiziba," akasema. "Ungeniacha kidogo tu, ningeiziba."

Aliendelea kusema hivyo wiki nzima. Ningeiziba.

Fundi wa Meru mjini alipofungua ile tabo alituonyesha ufa, mwembamba kama unywele. Alisema chuma chekundu hakitaki maji baridi, na gari ya tabo haizimwi ghafla, unaiacha kwanza ingurume polepole ipoe yenyewe. Oili ilikuwa imepitia humo, ikaingia kwenye hewa, na injini ikaanza kuinywa. "Ukizima dizeli haijali," akasema, "ina chakula kingine." Nilipompelekea mama wa stegi habari hiyo aliniangalia kutoka juu mpaka chini. "Baba, maji yamekuwa sumu tangu lini?" Na akaenda kumwagia pikapu nyingine iliyokuwa imesimama. Ilikuwa na filimbi pia. Karibu zote sasa zilikuwa na filimbi.

Ndugu yangu alibaki hana gari na hana miti. Mwisho wa mwezi nikasikia anaenda kuendeshea tajiri mmoja aliyekuwa na tabo nyingi, mtu aliyesifika kwa kubadilisha madereva, na si kwa sababu waliacha kazi. Mke wake alikuja kwangu. "Shemeji, wewe ndiye baba yake," akasema, akakaa.

Basi nikafanya jambo ambalo sikuwahi kufikiria. Nilienda kwa nyumba yake nikampa ufunguo wa pikapu yangu. Nikamwambia ni yako, endesha hiyo, mimi nimechoka na barabara. Nilikuwa sijachoka. Alipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, na hakunifanyia mzaha hata kidogo. Mke wake alilia. Nikarudi nyumbani nikitembea kwa miguu, na nilijiona mwanaume.

Miezi kadhaa ilipita na ile sauti yangu nzito ilikuwa inapita adhuhuri kama zamani. Nilianza hata kulala mchana.

Halafu siku moja nilikuwa shambani nikipalilia, nikasikia gari inapanda. Nikaacha jembe. Nilisikia mnyororo wa mlango wa nyuma ukigonga, ule mnyororo niliufunga mimi mwenyewe na ninaujua kama kikohozi changu. Ilikuwa bodi yangu. Lakini juu ya mnyororo kulikuwa na filimbi.

Nilifika langoni pamoja na ndugu yangu. Nyuma, mahali pa mzigo, injini yangu kubwa ilikuwa imelazwa na kufungwa kwa kamba, kama ng'ombe aliyekufa.

"Sikuiuza," akasema kabla sijafungua mdomo. "Nimekuletea. Itasaga mahindi miaka hamsini hiyo."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nafika wa mwisho, mzee. Kila siku. Walikuwa wananinunulia kwa huruma."

Nilikuwa nimeishi kwa kutonunuliwa kwa huruma, na ndivyo nilimlea. Mke wake alikuwa ametoka, amesimama pale kwenye ua, mkono mdomoni.

Hakuizima gari. Alibaki amekaa kwenye usukani, mkono kwenye ufunguo, akiiacha ingurume polepole vile fundi alisema. Filimbi ilishuka, ikashuka, mpaka ikawa kama pumzi. Aliniangalia kupitia dirisha na mimi nikamwangalia. Akageuza ufunguo.

Sote watatu tulisikiliza kama itakubali kuzimika.

Siku hiyo ilikubali.