Rejeo la Kumi na Saba

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyouchukia ule mkato. Makala yangu ilirudishwa tena na tena na jarida moja la ng'ambo, wala si kwa ubaya wa utafiti. Wasomaji wao waliokuwa wameipima walisema ni kazi nzuri. Ilirudishwa kwa sababu ya marejeo. Nyuma ya jina la mwandishi nimeweka mkato, wao hawautaki. Jina la jarida nimeliacha wima, wao wanataka lilale. Mwaka nimeutia kwenye mabano, wao wanautaka mwishoni, uchi, bila mabano. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama mpaka kiuno kikagoma. Kila betri za sola za chuo zilipojaa, nilifungua kompyuta nikaitoa mikato mmoja mmoja, kama mtu anayechambua vijiwe kwenye maharagwe.

Nafundisha kilimo katika chuo kimoja hapa Kasongo. Makala ilihusu ugonjwa unaokunja majani ya muhogo kutoka kwetu mpaka Kabambare. Kwetu muhogo ndio ugali, na majani yake ndiyo sombe, mboga yetu, kwa hiyo jani likikunjika sahani nzima imeguswa. Nilidhani jambo kama hilo lingewashughulisha wahariri kuliko nukta. Nilijidanganya.

Mikato ilipokwisha, likabaki rejeo la kumi na saba. Hilo lilikuwa tasnifu, au memwari kama tunavyoiita huku, ya mwanamke aliyesoma chuoni kwetu miaka mingi kabla yangu. Akiwa mwanafunzi alizunguka mashamba ya Wamaza, upande wa Kabambare, kwa miguu, shamba baada ya shamba, akaandika ni muhogo upi umekunja majani na upi umesimama. Kabla yake hakuna aliyefanya hivyo. Makala yangu yote ilikuwa inalinganisha alichokiona yeye zamani na ninachokiona mimi leo. Ukimtoa yeye, sina cha kulinganisha.

Mhariri aliandika kwamba rejeo hilo halina anwani ya mtandao, niiweke au niliondoe. Nilimjibu kwamba ile ni memwari ya karatasi, nakala ya chuo ililiwa na mchwa, na nakala iliyobaki anayo mwenyewe nyumbani kwake Kabambare. Akajibu kwa adabu sana kwamba rejeo ambalo msomaji hawezi kulifikia halikubaliki. Kisha, kwa wema kabisa, akanishauri niandike kwamba eneo hili halijawahi kufanyiwa utafiti.

Hapo ndipo damu iliponichemka. Nikisema mtu fulani alipita hapa kabla yangu, naulizwa anwani. Nikisema hakuna aliyewahi kupita, naachwa niende zangu. Uongo haudaiwi rejeo. Nilifunga kompyuta, nikaenda kutafuta mtu wa pikipiki.

Mvua zilikuwa zimeanza, na njia ya Kabambare unaijua ukiwa umeipita, si kwa kuambiwa. Penye mto daraja lilikuwa limebaki magogo mawili. Mwenye pikipiki akashika mbele, mimi nikashika nyuma, tukavuka tukiwa tumebeba kile kilichopaswa kutubeba. Nilifika na matope mpaka kifuani, na hasira zangu bado kavu.

Yeye sasa ni mwalimu wa sekondari, na mchana akitoka shuleni anauza chumvi na sabuni kwenye duka dogo mbele ya nyumba yake. Amenizidi umri, kwa hiyo namwita yaya, yaani dada mkubwa. Nilimweleza kisa chote nikiwa bado nimesimama. Akacheka mpaka akashika meza.

"Wanatafuta anwani? Waambie wakuje huku Kabambare. Waulizie jina yangu pale sokoni, hata mutoto atawaleta mupaka hapa."

"Yaya, wale hawatakuja. Wanataka kubonyeza tu, ifunguke."

"Basi wanabonyeza nini, na mimi niko hapa?"

Nikamtolea nilichokuwa nimekiwaza njia nzima, nikijiona nimemletea zawadi. Nilimwambia nitamweka juu kabisa, karibu na jina langu, awe mwandishi mwenzangu. Huko juu hawaulizi anwani. Kicheko kikatoweka usoni mwake.

"Hii yako, niliiandika mimi?"

"Hapana, yaya."

"Basi mudogo yangu, usiniweke kwa kazi ya mutu. Mimi niko na yangu. Wewe sema tu kama iko."

Niliona haya, nikamwomba memwari yenyewe niwaonyeshe kwamba ipo. Akaingia ndani, akarudi na memwari yake imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Tukaiweka juu ya meza ya duka, tukasukuma sabuni pembeni, nami nikaanza kuipiga picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, ili niiweke kwenye hifadhi ya bure ya mtandaoni ambako kila kazi hupewa anwani. Yeye alishika pembe za karatasi zisijikunje. Wateja walingoja chumvi yao wakitutazama. Kwenye ukurasa wa shukrani nilisimama kidogo nikasoma. Alimshukuru baba yake, aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye mawese mpaka Kasongo ili yeye asome. Jina la baba huyo ndilo jina la pili la yaya, katikati ya lile alilozaliwa nalo na lile la ubatizo.

"Kama si ile baiskeli," akasema, "nisingeandika hata ukurasa moja."

Kuzipandisha zile picha kutoka Kasongo kulinitoa jasho. Mtandao ulikatika, zikaanza upya, ukakatika tena zikiwa karibu kufika. Niliutukana mlingoti wa simu kwa Kiswahili na Kifaransa. Mwishowe anwani ikapatikana, nikaibandika, na rejeo la kumi na saba likakubaliwa. Siku ile nilijinunulia soda nikainywa polepole, nikijiona mshindi.

Makala ilipotoka, nikaona walichokifanya kwenye jina la yaya. Mtindo wao hutaka jina moja tu liandikwe zima, mengine yawe herufi na nukta. Kwetu hatuna jina la ukoo. Ndugu wa tumbo moja kila mmoja ana lake, na majina ya mtu husomwa yote. Mashine yao ilichukua la mwisho, lile la ubatizo, ambalo sijui ni wanawake wangapi wa parokia yake wanalo. Niliwaandikia, nikawaandikia tena. Wakajibu kwamba mtindo ni mmoja kwa waandishi wote, na toleo limeshafungwa.

Hata hivyo niliichapisha kwenye karatasi, na kiangazi nikampelekea. Aliruka kichwa cha makala, akaliruka jina langu na majedwali yangu yote, akaenda moja kwa moja ukurasa wa mwisho. Kidole chake kikashuka taratibu mpaka kumi na saba, kikatulia hapo. Nilingoja afurahi.

"Iko," akasema. Kisha akasoma tena, na kidole kikarudi kwenye zile herufi mbili. "Huyu ni mimi. Na huyu ni baba, wamemuacha na nukta."

Nikaanza kumweleza habari ya mtindo wa jarida. Hakunisikiliza.

"Sasa mutu akikuja kumuulizia huyu sokoni, watamuonyesha nani?"

Mpaka leo nikilikumbuka swali hilo nakasirika upya. Akaingia ndani akaitoa memwari kwenye mfuko wake wa plastiki. Aliikunja makala yangu mara mbili, akaitia kwenye ukurasa wa shukrani, pale jina la baba yake lilipoandikwa lote.