Nauli imepanda, sasa wakwe wanataka ng'ombe zao

Admin, nipostie ila jina langu ubaki nalo wewe, mawifi zangu wote wako humu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, nimeolewa Bunda, nina mtoto mmoja. Nachuna minofu ya sangara kiwandani Musoma, na nilikuwa naenda na kurudi kila siku. Juzi nimeona humu watu wanalalamikia nauli ya treni kupanda. Sisi hata hiyo treni hatuna, tuna haisi tu, na nauli imepanda mpaka nikawa nafanya kazi ya kulipia gari la kunipeleka kazini.

Mume wangu ndiye aliyetoa wazo. "Mama Neema, si ulale kwa rafiki yako wa Buhare, hukohuko Musoma, uwe unakuja wikiendi?" Nikakubali. Mwanangu nikamwacha kwa mama mkwe, roho ikiniuma.

Wiki iliyopita baba mkwe akaita kikao. "Mkamwana, huko Musoma unalalaga kwa nani? Ng'ombe zetu hazikutoka ili ukalale kwa watu. Acha kazi, au baba yako arudishe ng'ombe." Nikamgeukia mume wangu aseme kwamba ni yeye aliyenituma. Akainama, akaanza kubandua matope kwenye kiatu. Jamani, niliumia! Nikasema mwenyewe, mama mkwe akanikatisha: "Unamsingizia mume wako mbele ya wazee?"

Ng'ombe zenyewe hazipo. Kaka yangu alizitolea mahari, na mke wake sasa ni mjamzito. Nikiachika mimi, nyumba yake nayo inayumba. Nikiacha kazi, tutakula nini? Pamba ilimwangusha mume wangu, anakula jasho langu, halafu chumbani ananiambia, "Vumilia, mzee atapoa." Apoe saa ngapi wakati wewe umekaa kimya? Nimechoka.

Kikao cha pili ni Jumamosi. Baba yangu ameitwa kutoka Bugwema aje aniombee msamaha. Jana amenipigia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, nauli zimepanda sana. Nitumie ya kuja."

Nimeshika simu tangu asubuhi. Nimtumie mzee wangu nauli aje anyenyekee kwa kosa ambalo mume wangu analijua, au nimwambie abaki nyumbani nikasimame peke yangu? Mngekuwa mimi, mngefanyaje?