Studio ya Mama Laini

Ukutani kwenye kituo cha redio wamebandika kibao cha shaba kinachosema shangazi yangu ni "mpenzi mkubwa wa redio." Uongo mtupu! Shangazi hajawahi kuipenda redio hata siku moja. Anasema ni mgeni asiye na adabu: anaingia sebuleni kwa watu, anabwabwaja kutwa nzima, ukimuuliza jambo hasikii. Alichokipigania ni redio iwe mali ya wanaoisikiliza, si ya wakubwa na wauza sabuni. Nimeamua niseme mwenyewe, maana tukiwaachia hawa wataendelea kumvisha mama wa watu kilemba cha ukoka.

Ujanani alikuwa opereta wa simu. Alikaa kwenye kiti kirefu, vyuma vya kusikilizia masikioni, mbele yake ubao wa matundu na nyaya za kuchomeka. Ukitaka kuzungumza na mtu, lazima upitie mikononi mwake. Alikuwa na utani wake. Mwenye duka akifoka kwamba anacheleweshwa, Shangazi alimjibu, "Vuta subira, mzee, huyo unayemtaka anagombana na mkewe." Lakini kazi ile ilikuwa na kiapo: unayoyasikia kwenye waya yanaishia kwenye waya. Ukiyatoa nje, unga umemwagika.

Asubuhi moja bwana afya alipiga simu kituo cha redio. Maji taka yalikuwa yameingia kwenye bomba kuu, na zahanati ilishaanza kujaa watu wanaotapika. Akaomba redio itangaze, watu wachemshe maji.

"Tangazo lolote linapitishwa na wizara," mkubwa wa redio akamwambia. "Na waziri yuko safarini."

"Mheshimiwa, watu watakufa!"

"Sasa mimi nifanyeje? Subiri arudi."

Subiri! Shangazi alisikia neno lile kwa masikio yake mawili. Hakungoja simu ile ikatwe. Akashika nyaya zote zilizokuwa mezani, akachomeka tundu hili na lile, akaziliza simu za mji mzima kwa pamoja, akapaza sauti: "Msinywe maji ya bomba! Chemsheni! Mwambieni na jirani!" Akarudia mpaka msimamizi alipomvuta na kiti chake, akamfungia chumba cha nyuma ahojiwe.

Waliokuwa na simu wakati ule ni wenye maduka, maofisa na nyumba za wakubwa. Wote hao walichemsha maji. Yule mkubwa wa redio, aliyesema subiri, mkewe naye alichemsha. Kwa Shangazi hakukuwa na simu. Alikuwa na redio ndogo juu ya kabati, na redio siku hiyo ilipiga muziki na salamu. Binti yake wa pekee, binamu yangu ambaye sikuwahi kumwona, alikunywa maji kwenye kikombe chake mchana ule, wakati mama yake amefungiwa chumbani anaulizwa kwa nini amevunja kiapo. Tangazo lilikuja kusomwa baada ya mazishi, katikati ya salamu za wasikilizaji, na msomaji hakubadilisha hata sauti.

Kazi ikaota mbawa. Akawa anapiga pasi nguo za watu, na kila akimaliza anatoka kwenda kuwakalia kooni wakubwa. Alisimama kwenye kila mkutano ulioruhusu mwanamke kusimama, na mingine isiyoruhusu. Dai lake lilikuwa dogo, hata mtoto angelielewa: studioni, pembeni ya msomaji, iwekwe simu moja ya hatari. Bwana afya na watu wa zimamoto wakiipiga, msomaji akate muziki, aseme papo hapo, asimwombe mtu ruhusa. Wakampiga danadana miaka na miaka. Wakamlaza rumande. Wakamwita Mama Laini, mama wa laini za simu, kwa dhihaka, wakidhani atafedheheka. Jina akalivaa!

Baba yangu, kaka yake, alimwambia siku moja, "Dada, utatuponza wote."

"Mimi nilishaponzwa, kaka," akamjibu. "Nyinyi mnangoja zamu."

Hatimaye wakachoka, simu ikawekwa, nyekundu, na sheria ikaandikwa. Kuanzia hapo muziki ukikatika ghafla, mji mzima uliinua kichwa. Tulipona mafuriko kwa simu ile. Tulipona moto wa ghala la mafuta. Watu wakazoea: redio ikisema hatari, unakimbia, ikinyamaza, unalala zako. Shangazi mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafundisha hivyo, nyumba kwa nyumba.

Mwaka huu mkurugenzi mpya, kijana wa suti inayobana, akaja na wazo la kuipa studio jina la Shangazi. Mimi nilimsindikiza Shangazi. Meza ya maua, utepe, wapiga picha, makofi kwa wingi. Wakamwambia aishike ile simu nyekundu apigwe picha. Akaishika, akaiweka sikioni, wakampiga picha. Lakini opereta ni opereta tu. Nilimwona uso unabadilika.

"Hii imekufa," akasema.

Fundi mitambo akatazama viatu vyake. "Bibi, waya tuliuhamishia idara ya biashara. Kule kuna shindano la zawadi za sabuni, watu wanapiga sana."

"Urudishe."

"Mama yangu," mkurugenzi akaingilia, tabasamu mpaka kwenye masikio, "hayo tutayashughulikia. Kuna taratibu."

Shangazi akavuta kiti cha msomaji, akakaa. "Basi mimi sitoki hapa mpaka niisikie ikilia."

Wakambembeleza, wakamtisha, wakazima vipaza sauti. Mwisho walinzi wawili wakamnyanyua pamoja na kiti, kwa upole kabisa, kama wanabeba keki. Mimi nilimwambia mkurugenzi maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, na siyajutii hata moja. Jioni taarifa ya habari ikasema Mama Laini amezidiwa na furaha, akasaidiwa kutoka. Furaha! Gazeti likatoa picha yake ameshika simu, na watu mtaani wakaikata wakaibandika majumbani mwao.

Tangu siku ile miguu ilimkataa. Kila asubuhi aliniuliza kutoka kitandani kama waya umerudi. Nilienda kituoni mpaka walinzi wakanizoea kama ndugu, nikapigwa kalenda tu.

Mvua zikaja. Jumamosi moja kabla ya chakula cha mchana, bwana afya wa sasa, kijana mpole, akagonga mlango wetu jasho likimtoka. Bomba limepasuka tena, maji taka yameingia. Amepiga simu ya hatari, imelia kule idara ya biashara bila kupokewa. Amepiga kwa mkurugenzi, ameambiwa asubiri. Hakujua aende kwa nani mwingine.

Shangazi akajaribu kuinuka, akashindwa. Akanishika mkono kwa nguvu iliyoniumiza. "Nenda kagonge milango," akasema. "Nenda sasa hivi, mwanangu!"

Nilitoka na kanga moja, bila viatu. Nyumba ya kwanza ni ya jirani yetu mshonaji, mwanamke mwenye heshima zake ambaye hajawahi kunikosea. Redio yake ilikuwa inaimba dirishani. Nikamwambia maji yana sumu, asinywe, achemshe. Akanitazama kwa huruma, akanionyesha ile picha ya gazeti pale ukutani.

"Mdogo wangu, una wasiwasi tu. Simu ya Mama Laini si iko palepale studioni? Kungekuwa na hatari, redio ingesema. Shangazi yako ndiye aliyetufundisha."

Nikapiga kelele, nikamwapia kwa kaburi la baba yangu. Yeye akanisihi nitulie, nikae, nimeshikwa na jua. Akageuka, akafungua bomba, akajaza kikombe, akampa mwanawe.