Darubini ya Mchana

Musafiri wa Kabambare alikuwa mwindaji wa kampani ya dhahabu huko Salamabila, na kazi hiyo aliipenda kwa sababu mbili. Ya kwanza ni nyama. Ya pili, ambayo hakuisema mbele ya watu, ni kwamba aliyeshika bunduki ya kampani halazimishwi kulima pamba ya Serikali ya Wabelgiji, wala mkewe. Safi, mkewe, alikulia katika pamba hiyo. Aliona mama yake akichapwa shambani kwa ajili ya mistari iliyopinda. Siku walipooana Musafiri alimwambia hatalima pamba tena. Ilikuwa ahadi kubwa kuliko mwenye kuitoa, lakini miaka yote ile aliitimiza.

Kisha macho yakaanza kumchezea. Nyati aliwaona, ila hakujua tena yupi dume na yupi jike, na kwa mbali, alfajiri, kwenye milima ya Luama, kujua hilo ndiyo kazi yenyewe, maana jike haruhusiwi kupigwa. Kiangazi cha mwaka wa hamsini na mbili alimwangusha jike mwenye ndama. Bwana wa kambi, ambaye alimjua nyati wa kwenye sahani tu, akatoa amri: jike mwingine, na bunduki inarudi boharini, Musafiri na mkewe wanarudi kwenye pamba.

Basi aliposikia kwamba Mgiriki mmoja mwenye duka Kasongo anauza darubini mbili zilizoachwa na Mbelgiji aliyerudi kwao, Musafiri aliuza baiskeli yake. Watu walimcheka, mtu mzima anauza miguu anunue macho. Akaenda Kasongo kwa miguu, maana baiskeli ndiyo hiyo imekwenda.

Mtu mweusi hakuingia dukani kwa Mgiriki, aliuziwa dirishani. Ndani ya dirisha alisimama Jean-Baptiste, karani wa duka, mtu mpole mwenye haraka. Akazitoa zote mbili. Moja ndefu, nyembamba, ya shaba. Nyingine fupi, nene, kioo chake cha mbele kipana kama mdomo wa kikombe. Yoyote kati ya hizo ingemaliza fedha yote ya baiskeli, na kurudi kubadilisha hakupo.

Musafiri aliielekeza ile ndefu kwenye paa la misheni. Akaona mjusi, akaona mpaka koo lake likipiga. Kwa ile fupi mjusi alikuwa mdogo, wa kawaida. Mpumbavu angelipa hapo hapo. Musafiri hakuwa mpumbavu, na hilo ndilo linalouma katika habari hii. Alijua kwamba nyati hula wakati giza halijaondoka vizuri, na jua likipanda huingia msituni.

"Ndugu," alisema, "niache nitazame nazo mangaribi. Muchana kila kioo iko muzuri."

"Mangaribi duka iko imefungwa, baba."

"Nitasimama hapa inje tu."

"Huku ni kwa Wazungu. Giza ikiingia, polisi akikukuta, utalala mu kasho, na miye nitapoteza kazi."

"Basi nipe moja nilale nayo kule kwetu weusi. Nitarudisha kesho."

Jean-Baptiste alicheka kidogo, bila furaha. "Kitu ya muzungu, utembee nayo usiku na hujalipa? Weye unataka tufungwe wote wawili?"

Akaomba walau azielekeze ndani ya duka, kule nyuma kwenye giza la magunia. Akakubaliwa. Lakini magunia yalikuwa karibu mno, na darubini zote mbili zilionyesha ukungu mtupu. Nyuma yake watu waliokuja kununua chumvi walianza kunung'unika. Akachagua ile ambayo angalau aliiona ikifanya kitu. Akachukua ndefu.

Alfajiri ya kwanza mlimani alilala kifudifudi, akaiegemeza darubini juu ya jiwe. Nyati walikuwepo. Kwa macho yake aliona madoa meusi. Kwa darubini hakuona hata madoa. Ilikuwa nyembamba mno, mwanga mdogo wa saa ile haukuitosha. Ilipoanza kuona, nyati walikuwa wameingia msituni. Ikawa hivyo kila siku. Alirudi kambini mikono mitupu mara nyingi, hata bwana wa kambi akauliza kama kampani inalisha mwindaji au mgeni.

Asubuhi aliyopiga risasi, matumaini yalikuwa yamekwisha, imebaki hofu. Alichagua doa lililokuwa kubwa kuliko mengine, akaliona pana mabegani, akajiambia ni dume kwa sababu alihitaji liwe dume. Likaanguka. Wengine wakakimbia. Musafiri hakuthubutu kuteremka. Alikaa pale juu, bunduki mapajani, akangoja jua.

Jua lilipofika bondeni aliinua darubini. Haikuwahi kuona vizuri namna ile. Aliona nzi. Aliona kiwele kimejaa, na tone la maziwa kwenye chuchu, na ndama aliyerudi, anasukuma tumbo la mama yake kwa pua. Alitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaikunja darubini, akaanza kufikiri ni kwa maneno gani atamwambia Safi kwamba mvua zikianza watalima pamba.